Kopo la Chumvi

Chumvi ya nyumbani kwangu inakaa kwenye kopo jeusi lenye picha ya mwanamume asiye na shati. Amekunja mikono kifuani, misuli imemtoka mpaka shingoni, na anacheka kicheko cha mtu aliyelipwa kucheka. Wageni humtazama, hunitazama na mimi, halafu huendelea na ndizi zao. Mume wangu hula chakula chenye chumvi ya kopo hilo kila siku ya Mungu.

Nililiweka pale ili limkere. Sioni sababu ya kulipamba jambo hilo. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na neno moja nililolitaka kutoka kwake, alitamke mbele ya watu wa kwao, wale wale walioniita tasa nikiwasikia. Nilitaka kila akionja mboga alikumbuke.

Mimi ni mtoto wa ng'ombe. Nimezaliwa Kyerwa, upande wa nyasi, ambako ukisimama mlangoni unaona migongo ya ng'ombe kabla hujaona paa la jirani. Niliolewa Nyaishozi kwa watu wa ndizi na kahawa, kwenye kibanja kilichoshonana migomba mpaka mchana ndani yake ni kama jioni. Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenifunda. Aliniambia wakulima ni watu wema ila hasira zao hukomaa taratibu. Mtu wa ng'ombe akikukasirikia anakutukana papo hapo, na jioni mnakunywa maziwa pamoja. Mkulima anakungoja msimu. Nilicheka aliponiambia. Sikucheka muda mrefu.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Naliandika hilo mapema kwa sababu huko mbele nitasahau kumtetea. Alikuwa mpole, mchapakazi, kifungua mimba wa mama yake, na baba yake alipofariki yeye ndiye aliyeachiwa kibanja pamoja na makaburi yaliyomo. Kwa watu wale kibanja si shamba tu. Babu zao wamelala humo chini ya migomba, na aliyekirithi hana kazi kubwa kuliko kumzaa wa kukirithi. Mwaka wa kwanza walinitazama tumbo wakitabasamu. Wa pili wakaacha kutabasamu. Ulipofika wa tatu, mama mkwe alikuwa akiitikia shikamoo yangu huku akitazama mikungu ya ndizi.

"Ng'ombe wa maskini hazai," aliwaambia wenzake siku moja tukichambua maharage uani. Mimi nilikuwa pale pale, ungo magotini. Wakacheka kidogo, wakiinamia maharage yao. Kutoka kwa mwanamke ambaye hajawahi kukamua hata mbuzi, methali ile iliniuma mara mbili.

Nilikwenda kliniki mwenyewe. Nilipimwa kila walichoweza kupima, nikaambiwa hakuna tatizo linaloonekana, nimlete mwenzangu. Nilimwambia mume wangu nikiwa bado nimeshika mwavuli.

"Mimi?" akasema. "Mimi nina shida gani? Si unaona mwenyewe?"

Alimaanisha mambo ya chumbani. Kwake yeye, mwanamume anayeweza kazi ile amekwisha kufaulu mtihani wote, na kitakachokosekana baada ya hapo kitafutwe kwa mwanamke. Wala hakuwa peke yake. Nimeishi na wanaume wa pande zote mbili, wa nyasi na wa migomba, na wengi wao hawajui kwamba nguvu ni kitu kimoja na uzazi ni kitu kingine. Kwetu tunajua, lakini tunajua kwa ng'ombe tu.

Wakaitisha kikao. Walikuja baba wakubwa na baba wadogo, wakakaa kwenye viti, rubisi, pombe ya ndizi, ikamiminwa, kikapu cha kahawa ya kutafuna kikapitishwa. Mimi niliwekwa kwenye mkeka karibu na mlango. Walinizungumza muda mrefu kana kwamba nimesafiri. Mwishowe baba mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo, akasema wangoje kahawa ivunwe. Kama hadi hapo hakuna kitu, atatafutwa msaidizi, mke wa pili. Mama mkwe tayari alikuwa na binti mmoja wa Nyakakika mdomoni, mtoto wa mama aliyezaa mpaka akachoka.

"Una la kusema?" baba mkubwa akaniuliza.

Wanamuuliza mwanamke swali hilo kwa adabu tu. Jibu lake linajulikana: "Sina, wazee wangu." Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha punje ya kahawa kati ya vidole. Nilimngoja aseme japo kwamba nilikwenda kupimwa. Aliitia punje mdomoni.

"Ninalo," nikasema. "Kwetu, ng'ombe wakipandwa wakarudi kutaka dume, wakapandwa tena wakarudi, baba yangu hauzi ng'ombe. Anamtoa dume zizini. Anamwangalia dume kwanza."

Mama mkwe akanyanyuka akatoka bila kuaga. Kwa mila yao, mke aliyemvua nguo mumewe mbele ya ukoo harudi jikoni, anarudi kwao. Kesho yake nilikuwa kwenye bodaboda kuelekea Kyerwa, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira.

Baba alinirudisha mwenyewe, na mbuzi wa kuomba radhi na madumu ya rubisi, kama desturi inavyotaka. Njiani hakunigombeza. Alisema tu, "Ulisema kweli. Lakini dume la watu halisemwi zizini kwao." Nilimkasirikia na yeye pia. Nilikaa nyuma ya pikipiki nikiwaza kwamba nimezungukwa na wanaume wanaojua ukweli na kuulipia faini.

Hata hivyo yale maneno ya dume yalimwingia mume wangu. Yalimwingia vibaya. Badala ya kwenda hospitali, akaenda kwa Daktari.

Huyo hakuwa daktari. Alikuwa ameuza mabati, akauza taa za jua, akauza mbegu za mahindi ambazo hazikuota, na sasa alikuwa akiuza makopo ya virutubisho. Watu walimwita Daktari kwa sababu ya tai. Mimi nikimchukia mtu humchukia kuanzia viatu, na viatu vyake vilikuwa vyeusi, vyenye ncha, vinang'aa katikati ya matope ya masika wakati sisi wote tumevaa mabuti. Aliimba sauti ya nne kwenye kwaya yetu, akijua kufumba macho pale panapostahili.

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Kwa kawaida mgeni akiletewa kahawa ya kutafuna huchukua punje chache, anashukuru. Yeye alichota kwa kiganja. Akaliweka kopo mezani, lile lenye kijana asiye na shati, akaligeuza ili kijana atutazame.

"Hii si dawa, mama," alimwambia mama mkwe. "Dawa ina madhara. Hii ni chakula. Virutubisho tu. Humu kuna zinki, kuna mizizi ya milimani huko mbali, kuna vitamini za kila aina. Mbegu ya mwanamume haina tofauti na mbegu ya maharage. Ukiitilia mbolea, inakuitika."

"Na ukiitilia mbolea nyingi si inaungua?" nikauliza.

Akacheka, akamgeukia mume wangu. "Shemeji ana akili sana," akasema. Kwetu sote ilieleweka kwamba ninyamaze.

"Nguvu itaongezeka?" mume wangu akauliza.

"Nguvu? Kaka yangu, wewe utakuja kunisimulia."

Mama mkwe akasema amina. Nilikaa pale nikiwatazama watatu hao wakifurahia nguvu, wakati mimi nilikuwa nimeletwa kwenye kikao na kufukuzwa kwa sababu ya mtoto. Hakuna aliyetaja mtoto. Muuzaji hakuahidi mtoto. Aliahidi kile alichoulizwa, na mume wangu aliuliza kile alichokuwa nacho tayari.

Sitasema kopo halikufanya kazi. Lilifanya. Asubuhi na jioni alikoroga unga ule kwenye maziwa, na katika miezi michache akawa mtu mwingine. Shingo ilinenepa. Mashati ya harusi yalimbana mabega mpaka moja likachanika mgongoni akifunga mzigo wa majani ya kutandaza shambani. Mgongo ukajaa chunusi kama wa kijana wa sekondari. Na ule upole niliousifu pale juu ukaondoka. Alivunja mpini wa jembe kwa hasira kwa sababu uligonga jiwe. Alimfokea mdogo wake, alimfokea mbwa, alinifokea mimi kwa maji kuchelewa kuchemka. Chumbani nguvu zilikuwepo, tena za kumchosha mtu aliyelima kutwa nzima.

"Mwanangu ameiva," mama mkwe alikuwa akisema, akimwangalia kwa fahari akipita na mkungu begani.

Na mimi kila mwezi nilikuwa nikifua vitambaa vyangu na kuvianika ndani ya migomba, mahali ambapo mama mkwe asingeviona. Aliviona. Alikuwa na njia ya kupita kila mahali.

Kopo likiisha, jingine lilikuja. Msimu ule kahawa yetu iliuzwa ikiwa bado maua mtini. Nilikuwa nikiyatazama yale maua meupe na harufu yake nzuri, nikajua kwamba yameshaliwa.

Kahawa ilipovunwa, wakakumbuka Nyakakika. Hapo ndipo shangazi yangu alipoingia. Alikuja kutoka Kyerwa na kibuyu cha maziwa na fimbo yake ya mkononi, akaketi sebuleni, akamwambia mama mkwe kwa sauti ya upole kabisa kwamba amekuja kumchukua binti yake.

"Kama ni tasa, hatuwezi kuwabambikia," alisema. "Tutamrudisha, na ng'ombe wenu wa mahari tutawarudisha. Lakini kwetu ng'ombe hawarudi kwa maneno ya uani. Wapimwe wote wawili, wataalamu waseme utasa ni wa nani. Ikiwa ni binti yetu, mje na fimbo zenu muwaswage ng'ombe wenu. Ikiwa si yeye, ng'ombe wanabaki, na huyo wa Nyakakika mtamlipia wengine."

Mama mkwe aliwaona kwa macho wale ng'ombe wakirudi nyumbani. Alikuwa na hakika mno na mwanawe, na shingo ile na mabega yale, hata hakufikiri mara mbili. Mume wangu alianza kusema ana kazi, ana mbolea ya kusambaza. Mama yake akamkatiza. "Nenda ukapimwe, mwanangu. Nenda ukawaonyeshe." Hivyo ndivyo mama mkwe mwenyewe alivyompeleka hospitali mwanamume niliyeshindwa kumpeleka kwa miaka mitatu. Shangazi alinikonyeza, akamaliza chai yake.

Tulikwenda Nyakahanga. Nesi alimpa kikopo kidogo cha plastiki na kumwonyesha chumba. Mume wangu alikishika kikopo kile kama anashika kaa la moto, akabaki amesimama koridoni, mwili wote ule, hajui aende wapi. Nesi alikuwa mama wa makamo, hana muda.

"Nenda, baba. Mficha uchi hazai," alimwambia, akaita mgonjwa mwingine.

Nilikaa kwenye benchi na kikapu changu. Ndani ya kikapu, chini ya kanga, nilikuwa nimeweka kopo. Sikuwa na mpango wa maana. Nilitaka tu mtu aliyesoma aniambie kilichomo.

Majibu yalipokuwa tayari tuliitwa pamoja. Daktari, huyu wa kweli, alikuwa kijana kuliko sisi. Alifunga mlango kwanza. Akasema mimi sina kasoro waliyoiona. Kisha akamgeukia mume wangu, akasema hawakuona mbegu. Walitazama, wakarudia kutazama. Hakuna hata moja.

"Lakini nguvu ninazo," mume wangu akasema.

"Naamini. Nguvu ni kitu kingine."

Sikusema neno lolote kuhusu dume. Naomba nisifiwe kwa hilo, maana lilikuwa mdomoni limejaa.

"Kuna dawa yoyote unayotumia?" daktari akauliza.

"Hapana."

Alijibu bila kusita wala kukwepa macho, na najua kwamba hakuwa anadanganya. Aliambiwa si dawa, ni chakula. Ukimuuliza mtu wa Nyaishozi kama anatumia dawa, hatakutajia ndizi. Daktari alikuwa ameshainamisha kichwa kuandika, na mimi nikaona kwamba tutatoka mle ndani hivi hivi, kopo litaendelea, na mimi nitaendelea. Nikaingiza mkono kwenye kikapu, nikaliweka mezani mbele yake.

Aliligeuzageuza. Akasoma maandishi ya pembeni, akamtazama mume wangu shingo, akamwomba avue shati. Akauliza ametumia kwa muda gani, na kama hasira zimeongezeka. Nilijibu mimi.

Alitueleza taratibu. Alisema zinki yenyewe haina ubaya kwa kipimo chake, na mtu aliyepungukiwa inaweza ikamsaidia kidogo. Lakini makopo mengine ya kujenga mwili hutiwa kwa siri homoni ya kiume, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mteja aone badiliko haraka na arudi. Homoni ile ikiingia kutoka nje, mwili unaona imeshatosha, unaziamuru korodani zipumzike. Misuli inakua na mbegu zinakauka. "Siwezi kukuapia kwamba imo humu," alisema. "Hapa hatuna maabara ya kuijua. Lakini mabega hayo hayakutoka kwenye zinki." Akamwambia aache kopo hilo na asitafute kopo jingine la kuziba nafasi yake. Mbegu huchukua kama miezi mitatu kukua, na kwake huenda ikawa zaidi, kwa hiyo arudi apimwe tena.

"Kabla ya kopo nilikuwaje?" mume wangu akauliza, kwa sauti ndogo.

"Hilo sasa hakuna anayeweza kukujibu. Ungekuja kabla."

Tulirudi kwa bodaboda moja, mimi nyuma, yeye katikati, na ule mgongo wake mpana umenifunika upepo wote. Tulishushwa kwenye njia ya kuingia kwetu.

"Nifichie," akasema.

"Na mama?"

"Nitamwambia mwenyewe. Na wazee nitawaambia. Niachie nafasi."

Nilimwachia. Nilidhani anaomba wiki. Alipoingia kwa mama yake nilisimama nje karibu na dirisha, sikujificha. Nilimsikia akisema, "Wote tuko sawa, mama. Daktari amesema tusubiri tu." Ndilo hilo alilowaambia na wazee. Habari ya Nyakakika ikasimama, ng'ombe wakabaki, na kila mtu akaondoka na lile alilolijua tangu zamani, kwamba mwanamume yule alivyo mkubwa hawezi kuwa yeye.

Unga uliobaki aliumwaga kwenye shimo la mgomba. Kopo akalitupa jalalani. Mimi nikaliokota, nikaliosha kwa majivu na maji ya moto, nikatia chumvi. Mama mkwe alipoona mwanawe hakorogi tena, akasema kwa majirani kwamba nimemwaga dawa ya mume wa watu, kwamba nataka ukoo uishe. Mume wangu alikuwepo. Alikuwa akinoa panga, akaendelea kunoa.

Miezi iliyofuata alinywea. Mashati yakarudi kuwa mashati. Alikuwa mchovu, mnyonge, akiota jua la asubuhi akikumbatia kikombe kama mtu anayepona malaria, na usiku hakutaka kuguswa. Nilimhurumia, kisha nikakumbuka panga, nikaacha. Alirudi kupimwa peke yake, akaniambia zimeanza kuonekana, chache. Baadaye akasema zimeongezeka. Upole nao ulirudi kidogo kidogo. Msimu wa mvua ulipita, kahawa ikachanua tena na safari hii maua yalikuwa yetu, na mimi nikapitisha mwezi bila kufua kitambaa. Nilizaa msichana. Ana shingo nyembamba, namshukuru Mungu.

Siku ya ubatizo tulitoa shukrani kanisani. Ibada ilipokwisha watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka, mikungu ya ndizi na kuku na mayai, kama kila Jumapili. Hapo uani Daktari wa makopo akapanda juu ya ngazi za kanisa na viatu vyake. Akasema anaomba dakika moja ya ushuhuda. Akasema wote wanaijua nyumba yetu na machozi yetu, na kwamba Mungu hutumia vyombo. Akanyanyua kopo.

"Muulizeni baba wa mtoto kama alitumia au hakutumia!"

Watu wakamgeukia mume wangu. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, mtoto mkononi. Nilimtazama. Lilikuwa neno moja tu, watu wote wapo, hata baba mkubwa, hata mama yake. Angeweza kusema nilitumia na nikaacha. Angeweza kuondoka.

"Nilitumia," akasema, akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe alikuja akambusu mtoto, akamwita mjukuu wa kopo, na mpaka leo wapo wanaomwita hivyo. Nilinyamaza kwa sababu nilimwahidi. Pia, kusema kweli, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtoto wangu juzi tu na sikutaka kurudishwa Kyerwa naye mgongoni. Ila jioni ile niliacha kuliweka kopo jikoni. Nililihamishia mezani.

Mdogo wake mume wangu alinunua kopo lake Jumapili ile ile. Alikuwa amemwoa binti mwembamba wa vijiji vya jirani, mcheshi, ambaye alikuwa akija kwangu kujifunza kukamua, kwa kuwa nilikuwa nimeletewa ng'ombe wa maziwa na baba yangu. Nilimwambia shemeji aache unga ule. Nilimwambia zaidi ya mara moja. Alicheka, akasema, "Shemeji, si ndio uliokupa mtoto?" Nilimwambia mume wangu amwambie. "Nitamwambia," alisema. Nilimwona shemeji akinenepa shingo.

Misimu ikapita, binti yule hakushika mimba. Basi wakaitisha kikao.

Mkeka ule ule, mlango ule ule. Baba mkubwa alikuwa mgonjwa, kwa hiyo aliyekalia kiti chake alikuwa mume wangu. Mimi nilikuwa nikimimina rubisi na kupitisha kahawa. Nilimsikia mama mkwe akisema ng'ombe wa maskini hazai. Wazazi wa binti yule hawajawahi kuwa na ng'ombe, lakini methali ilikuwa imemzoea mdomoni. Walisema wangoje kahawa. Walisema kuna watu Nyakakika.

"Una la kusema?" mume wangu akamuuliza binti. Alimuuliza yeye mwenyewe, kwa sauti ya baba mkubwa.

Binti alikuwa amebana magoti, mikono imo ndani ya kanga. "Sina, wazee wangu."

Nilitua birika. Nilikwenda mezani, nikachukua kopo, nikaimwaga chumvi yote kwenye sahani, nikarudi, nikaliweka kopo chini mbele ya miguu ya mume wangu. Yule kijana asiye na shati akawa anamcheka.

"Sema wewe," nikamwambia. "La sivyo nasema mimi, na safari hii baba yangu hana mbuzi wa kuomba radhi."

Mjomba mmoja akaguna. Mama mkwe akaanza kunyanyuka. Mume wangu aliinua mkono, mama yake akakaa. Alikuwa na punje ya kahawa mdomoni, nikaona taya lake linavyotafuta pa kuiweka. Aliitema kiganjani.

"Huyu binti aachwe," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa sizai. Hospitali walinitazama, hawakuona kitu. Kopo hili lilinikausha. Mtoto nilimpata baada ya kuliacha." Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe utakwenda Nyakahanga. Nitakupeleka mimi."

"Ulisema mko sawa," mama yake akasema.

"Nilikudanganya, mama."

Hakuna aliyekunywa. Binti yule alianza kulia, akainuka kwenye mkeka, akaja kunishika mkono na kuubusu, ananishukuru mimi. Nilimshika. Nilikuwa na hasira. Lile neno nililolingoja tangu siku ile ya mkeka, nililolingoja dirishani kwa mama yake na kwenye ngazi za kanisa na mtoto mkononi, limesemwa sasa, lote, mbele ya watu wote. Na alilisema akimwangalia binti yule, si mimi.

Walipotawanyika alinifuata jikoni. Nilikuwa nikizoa chumvi kutoka kwenye sahani.

"Nimesema," akaniambia. "Umeridhika?"

"Umesema kwa ajili yake," nikamjibu. "Mimi nilikaa kwenye mkeka ule ule, ukatia kahawa mdomoni."

Aliokota punje za chumvi zilizodondoka, akazirudisha kwenye sahani.

"Ndiyo," akasema.

Jikoni hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Nilirudisha chumvi kwenye kopo, nikafunga kifuniko, nikalipeleka mezani.